Utangulizi wa insha ya tatizo na suluhisho ulitaje tatizo lenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala unaorudi kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, yaani mjadala kuhusu udhaifu wa wanafunzi katika kuandika insha. Wengi wanaolizungumzia jambo hili huilaumu sarufi, msamiati finyu au simu za mkononi. Mimi, ambaye kusahihisha insha ndiyo kazi yangu, naona kasoro iliyo kubwa kuliko hizo, hasa katika insha za tatizo na suluhisho, na kasoro hiyo hujitokeza katika aya ya kwanza kabisa: mwandishi hajasema tatizo ni lipi. Amelizunguka, amelisikitikia, pengine amelipamba kwa methali, lakini hajalitaja kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kulikubali au kulipinga. Suluhisho linalokuja baada ya hapo, hata likiwa la busara, hukosa kitu cha kukijibu.

Nitoe mfano. Mwanafunzi ameambiwa aandike kuhusu tatizo lolote la shuleni na njia ya kulitatua, naye amechagua upotevu wa vitabu vya maktaba. Utangulizi ufuatao nimeutunga mwenyewe, ila sidhani kama yupo msahihishaji ambaye hatautambua:

“Tangu enzi za mababu zetu, vitabu vimekuwa na umuhimu mkubwa katika maisha ya mwanadamu. Wahenga walisema elimu ni bahari, na kitabu ndicho chombo cha kuivukia. Hata hivyo, katika ulimwengu wa leo yapo matatizo mengi yanayovikabili vitabu vya maktaba. Insha hii itajadili matatizo hayo na kupendekeza suluhisho lake.”

Kisarufi aya hiyo haina dosari, na huenda ikapata alama nzuri za lugha. Hebu tuipime sentensi moja moja. Katika sentensi ya kwanza ondoa vitabu uweke viatu, vyombo au vyakula, nayo itasimama vilevile. Sentensi inayoifaa kila mada haijasema lolote kuhusu mada yoyote. Msemo wa wahenga unahusu upana wa elimu, ilhali anayeandika anasumbuliwa na vitabu visivyorudishwa, na mambo hayo mawili hayakutani popote. “Hata hivyo” ya sentensi ya tatu inaahidi kugeuza mkondo wa mawazo, kisha inatufikisha kwenye “matatizo mengi” bila hata moja kutajwa. Sentensi ya mwisho inatangaza kwamba insha itafanya kile ambacho swali liliagiza kifanywe. Aya imekwisha, na msomaji bado hajui vitabu vinapotea vipi, mikononi mwa nani, wala ni nani anayeumia.

Sasa tuiandike upya kwa mada ileile:

“Jina la mwanafunzi anayeazima kitabu katika maktaba ya shule yetu huandikwa kwenye daftari siku hiyohiyo, lakini daftari hilo halikaguliwi tena hadi mwisho wa mwaka. Kufikia wakati huo wanafunzi wa darasa la mwisho wamekwisha kuondoka, na baadhi yao wameondoka na vitabu. Wanaobaki hujiandaa kwa mitihani wakigawana kitabu kimoja watu watatu au wanne. Faini iliyopo haijasaidia, kwa kuwa hutozwa kitabu kikiwa kimeshapotea. Insha hii inapendekeza daftari likaguliwe kila Ijumaa na waliopitisha muda wakumbushwe darasani, utaratibu usiohitaji fedha wala mtumishi mpya.”

Hapa hakuna neno gumu wala pambo lolote, lakini msomaji ameshaambiwa chanzo cha tatizo, namna linavyotokea, nani linamuumiza na nini kimeshajaribiwa. Sentensi ninayoithamini kuliko zote ni ile ya nne, inayohusu faini, kwa sababu ndiyo inayosahaulika mno. Tatizo lililodumu kwa muda mrefu haliwi tatizo ambalo hakuna aliyewahi kuligusa. Limeshajaribiwa hili na lile, na msomaji anayelijua huanza kusoma akiwa na majaribio hayo kichwani. Mwandishi asipoyataja, msomaji atapita aya baada ya aya akijiuliza kwa nini watu wasitozwe faini tu, na atakapofika kwenye pendekezo lenyewe atakuwa ameshachoka kungoja jibu. Aidha, kueleza kwa nini jaribio la kwanza lilishindwa kunaweka masharti ambayo suluhisho jipya litapimwa nayo: kama faini ilishindwa kwa kuchelewa, pendekezo lolote litakalochelewa nalo limeshajikataa.

Jambo ambalo walimu wengi tunalipita haraka ni kwamba anayeeleza chanzo cha tatizo katika utangulizi ameshachagua suluhisho, akijua au asijue. Mwandishi wa aya ile ya pili amesema chanzo ni daftari lisilokaguliwa, ndiyo maana anapendekeza ukaguzi. Angesema chanzo ni ukosefu wa uaminifu, insha ingemlazimu apendekeze mafunzo ya maadili. Angesema vitabu ni vichache mno, angeishia kuomba vingine vinunuliwe. Tukio ni moja, matatizo ni matatu, na insha ni tatu tofauti. Mara nyingi nakutana na insha ambayo utangulizi wake unalia kuhusu umaskini, halafu suluhisho lake ni semina ya kuhamasisha. Mwanafunzi huyo hakukosa mawazo. Alianza kuandika kabla hajaamua ni kipi kati ya vyanzo alivyovisikia atakachokitetea.

Historia ya tiba ina mfano mzuri wa jambo hili. Kipindupindu kilipoitesa London katikati ya karne ya 19, madaktari na watawala wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huenezwa na hewa chafu inayonuka. Tatizo likishaelezwa hivyo, dawa yake ni kuondoa uvundo, na kweli mwishoni mwa miaka ya 1840 mitaro ya jiji ilisafishwa kwa kusukumia uchafu wake katika Mto Thames, mto ambao wakazi wengi walikuwa wakinywa maji yake. Daktari John Snow alilieleza tatizo upya: ugonjwa huingia kwa kinywa, na maji ndiyo yanayoubeba. Mwaka 1854 alionyesha jinsi vifo katika eneo la Soho vilivyokusanyika kuizunguka pampu moja ya Broad Street, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Mlipuko wenyewe ulikuwa umeshaanza kupungua, kwa hiyo sitaki kuutia chumvi mkasa huu. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeandika katika sentensi yake ya kwanza kwamba tatizo ni harufu hana sababu yoyote ya kuigusa pampu.

Baada ya chanzo huja ukubwa. Wanafunzi wamefundishwa kwamba takwimu huamsha msomaji, nao wameshika fundisho hilo kwa mikono miwili. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, lilikadiria kwamba takribani watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kutokana na ajali za barabarani. Takwimu hiyo ni sahihi, na inatisha. Lakini mwanafunzi anayeianzia insha yake kisha akapendekeza kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya lango la shule amejitwisha mzigo asioweza kuutua, maana hata kivuko hicho kikijengwa kesho, takwimu aliyoianzia haitatikisika. Ukubwa wa tatizo katika aya ya kwanza unapaswa kulingana na ukubwa wa suluhisho litakalotolewa. Kwa insha ya kivuko, kinachohitajika ni idadi ya watoto wanaovuka pale asubuhi, mwendo wa magari yanayopita, na ajali zilizotokea pale pale, hata kama ni mbili tu. Takwimu ya dunia inaweza kuingia kwa nusu sentensi ili kuonyesha kwamba jambo hili si la mahali pamoja, na baada ya hapo iondoke. Na kama mwandishi hana takwimu, aeleze anachokiona kwa macho. Nimeshasoma asilimia nyingi zilizobuniwa ndani ya chumba cha mtihani, na msahihishaji mzoefu huzinusa kutoka mbali.

Kuhusu kuanza kwa swali, nitasema machache. “Je, umewahi kujiuliza kwa nini vitabu hupotea?” Wasomaji wengi watajibu kimoyomoyo kwamba hawajawahi, na hapo mwandishi ameshawapoteza. Swali linafaa pale tu ambapo msomaji hana jibu la haraka na insha inalo.

Lipo jambo lingine linalohusu heshima kwa msomaji, na hapa waandishi watu wazima, tukiwemo sisi tunaoleta barua katika gazeti hili, hatuna cha kujivunia mbele ya wanafunzi. Cicero, mnenaji maarufu wa Roma ya kale, aliandika akiwa bado kijana kwamba mwanzo wa hotuba unapaswa kumfanya msikilizaji awe na nia njema, awe msikivu, na awe tayari kufundishwa. Fikiria basi utangulizi unaoanza kwa kusema wakuu wa shule ni wazembe wasiojali, halafu katika aya ya tano ukamwomba mkuu wa shule abadilishe utaratibu wa maktaba. Mtu ambaye ndiye mwenye uwezo wa kutekeleza pendekezo ametukanwa kabla hajalisikia. Katika matatizo mengi anayeumia si yule mwenye uwezo wa kurekebisha, na kazi mojawapo ya utangulizi ni kuwakutanisha hao wawili: kumwonyesha mwenye uwezo kwamba maumivu yapo, na kwamba njia ya kuyapunguza inapita mikononi mwake. Kazi hiyo haifanyiki kwa matusi, wala haifanyiki kwa kutia chumvi, kama wafanyavyo wanaoandika kwamba “kila mtu anateseka” au kwamba hili ni “janga kuu kuliko yote.” Msomaji akigundua sentensi moja imezidishwa, huanza kuzitilia shaka zote.

Najua watakaonijibu kwamba utangulizi lazima uanze kwa jumla na kushuka polepole hadi kwenye jambo mahususi, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa. Sina ugomvi na kushuka. Tatizo langu ni mahali pa kuanzia. Anayeandika kuhusu daftari la maktaba anaweza kuanza na maktaba ya shule, hahitaji kuanza na historia ya mwanadamu. Wengine hutumia mpangilio ulioelezwa na mwanaisimu John Swales mwaka 1990 baada ya kuchunguza tangulizi za makala za kitaaluma, ambamo mwandishi huonyesha kwanza uwanja wa utafiti, kisha pengo lililomo, kisha namna atakavyoliziba. Ni mpangilio mzuri kwa shughuli yake. Lakini pengo la mtafiti ni kitu ambacho bado hakijulikani, ilhali pengo la insha yetu ni kitu kinachomuumiza mtu, na mara nyingi kinajulikana vizuri sana ila hakijashughulikiwa. Mwanafunzi anayeuiga mpangilio huo bila kuitambua tofauti hiyo huishia kuandika kwamba “suala hili halijachunguzwa vya kutosha,” jambo ambalo hakuliulizwa na wala hana namna ya kulithibitisha.

Swali ninaloulizwa zaidi darasani ni kama utangulizi uandikwe kwanza au mwisho. Ubishi huu ni wa zamani kuliko shule zetu zote. Katika mojawapo ya maandishi yake, Cicero anamfanya mnenaji Antonius aseme kwamba kinachotangulia kusemwa ndicho yeye hukifikiria mwisho. Quintilian, aliyefundisha unenaji Roma katika karne ya kwanza, akaupinga mtindo wa kuandika utangulizi mwisho, ingawa alikubali kwamba mtu akusanye na kuzipima hoja zake zote kabla hajaanza. Mimi naegemea upande wa Quintilian kwa mtihani na upande wa Antonius kwa insha ya nyumbani. Katika mtihani hakuna nafasi ya kurudi nyuma, kwa hiyo dakika chache za mwanzo zitumike kuandika pembeni sentensi mbili tu, moja ya chanzo na moja ya pendekezo, na kalamu isiguse ukurasa wa majibu hadi sentensi hizo zitazamane. Nyumbani, utangulizi wa kwanza ni wa kumsaidia mwandishi aanze, na insha ikishakamilika unapaswa kufutwa na kuandikwa upya, kwa kuwa sasa ndipo anapojua alichokithibitisha.

Kisichofaa popote ni utangulizi wa akiba, ule unaokaririwa nyumbani na kubebwa kichwani hadi chumba cha mtihani. Tusidhani huu ni ugonjwa wa wanafunzi peke yao. Mwaka 44 KK Cicero huyohuyo alimwandikia rafiki yake Atticus kwamba anayo juzuu nzima ya tangulizi, ambamo huchagua mmoja kila anapoanza kazi mpya, na kwamba kwa kusahau alikuwa amekibandika kitabu chake kipya kuhusu utukufu utangulizi alioutumia tayari katika kazi nyingine. Akamwomba Atticus aukate na kubandika mwingine. Kama utangulizi unaweza kukatwa kutoka kitabu kimoja na kukaa sawasawa katika kingine, ni dhahiri haukuwa umefungamana na chochote, na kama jambo hilo lilimpata Cicero, mtoto wa sekondari anayekariri “Katika karne hii ya sayansi na teknolojia” atasalimika vipi?

Limebaki suala la kama suluhisho litajwe katika utangulizi au lifichwe hadi baadaye. Kwa insha fupi ya kurasa mbili au tatu, jibu langu ni kwamba litajwe, kwa sentensi moja, bila kulieleza kwa kina. Msomaji anayejua tunakoelekea husoma maelezo ya tatizo kwa kuyapima, na hilo ni jambo jema kwa mwandishi mwenye hoja. Ninakubali hali moja tu ya kulichelewesha: pale ambapo pendekezo litamkera msomaji asipokuwa ameshaona uzito wa tatizo, kwa mfano linapomtaka aache kitu anachokipenda au alipie kitu alichozoea kukipata bure. Hata hapo, utangulizi useme angalau suluhisho litakuwa la aina gani, kama ni la kanuni, la fedha au la tabia, ili asomaye asihisi amevutwa gizani.

Walimu wenzangu wanaweza kulijaribu jambo moja kesho asubuhi. Wazifunike aya zote isipokuwa ya kwanza, wampe mwanafunzi mwingine aisome, kisha wamwombe ataje suluhisho moja ambalo insha hiyo haiwezi kulikubali. Kwa utangulizi wa daftari atasema haraka kwamba kuongeza faini hakutakubalika, wala kuajiri mkutubi. Kwa utangulizi wa “enzi za mababu zetu” hatakuwa na la kusema, kwa sababu aya ile haijakataa chochote.

Lakini lawama zisiishie kwa wanafunzi na walimu wao. Watunga mitihani nao huandika maswali yanayouzaa utangulizi mbovu. Swali linalosema “Jadili matatizo ya mazingira na utoe suluhisho” linamwalika mtoto mwenye dakika arobaini aitatue dunia nzima, naye, kwa adabu, anajibu kwa upana uleule alioulizwa. Anayethubutu kulipunguza na kuandika juu ya jalala moja linaloziba mfereji mmoja huogopa, na ana haki ya kuogopa, kwamba mwongozo wa kusahihisha utamhesabia hoja moja wakati mwenzake aliyetaja matatizo sita kwa juujuu amehesabiwa sita. Ombi langu kwa wahusika ni mambo mawili yaliyo rahisi kutekeleza: maagizo ya swali yaseme waziwazi kwamba mtahiniwa achague tatizo moja na kulibana apendavyo, na mwongozo wa kusahihisha utenge alama za chanzo kilichoelezwa na jaribio lililoshindwa, badala ya kuhesabu idadi ya matatizo yaliyoorodheshwa.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa insha